Kalenda Ni Hatari Kuliko Dhoruba

Kila mwaka shule za Marekani zinapofungwa, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, barabara kuu za nchi hiyo hujaa magari ambayo ni nyumba kamili. Nyuma ya kiti cha dereva kuna vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na bafu, na familia nzima imo humo, kuanzia bibi hadi mtoto wa kunyonya. Tuyaite magari-nyumba. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1915 Roland Conklin, mkuu wa kampuni ya mabasi, aliichukua familia yake ndani ya basi lililogeuzwa makazi kutoka jimbo la New York hadi San Francisco, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa udongo mtupu na mvua ikinyesha inakuwa tope. Lakini ni tangu mwaka 1966, Winnebago ya Forest City, mji mdogo wa Iowa, ilipoanza kuyaunda kwa bei ambayo watu wa kipato cha kati waliweza kuifikia, ndipo gari-nyumba lilipoingia katika likizo za watu wa kawaida. Kinachouzwa tangu hapo ni uhuru: ulale unapotaka, uondoke ukipenda, usitegemee hoteli wala ratiba ya ndege. Hoja yangu ni kwamba familia nyingi hulipia uhuru huo kisha huuacha nyumbani, na wanapokutana na hali mbaya ya hewa njiani, kinachowaponza zaidi si upepo wala mvua, bali ni tarehe walizojifunga nazo kabla ya kuwasha injini.

Tuanze na chombo chenyewe. Gari-nyumba la ukubwa wa kati lina urefu wa mita 9 au 10, na ubavu wake hukaribia mita 3 kutoka chini hadi juu. Hilo ni eneo la karibu mita za mraba 30 lililosimama wima mbele ya upepo. Nguvu ya upepo nayo haipandi sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukipiga ubavu kama huo husukuma kwa uzito wa kilo 400 hivi, na dereva huuhisi kwenye usukani tu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kwa takriban tani moja na nusu, na gari lenyewe, pamoja na maji, gesi na mizigo, huenda halizidi tani sita na nusu. Lori lililojaa shehena, ambalo sheria ya Marekani hulikubali hadi tani 36, litayumba kidogo. Gari-nyumba litahama njia. Kuta zake ni mbao nyembamba, povu na faiba juu ya chesisi ya gari la mizigo midogo, kwa hiyo likianguka ubavu halibaki na umbo lake, hufumuka. Na mara nyingi anayeliendesha ni baba au mama aliyezoea gari dogo la kwendea kazini, maana majimbo mengi huruhusu magari ya hadi karibu tani 12 kuendeshwa kwa leseni ya kawaida. Huko nyuma watoto wamekaa kwenye meza ya chakula, pengine bila mkanda, na mmoja ameinuka kufuata juisi kwenye jokofu. Huko Wyoming, kipande cha barabara kuu ya I-80 kati ya Laramie na Rawlins ni maarufu kwa upepo, kiasi kwamba idara ya barabara hulazimika kukifunga kwa magari mepesi yenye kimo kirefu huku magari madogo yakiendelea kupita. Mwenye gari-nyumba akisoma bango hilo ajue ni yeye anayeambiwa.

Kisha kuna majira, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Tambarare kubwa za katikati ya Marekani, kuanzia Texas na Oklahoma kupanda hadi Kansas, Nebraska na Dakota, hukutanisha hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu ya jangwa la kusini-magharibi, na hewa baridi ya juu. Jua likipasha ardhi tangu asubuhi, ile hewa ya unyevu hupanda kwa nguvu, na ikifika alasiri mawingu yamekuwa milima. Hapo ndipo hutoka mvua ya mawe, pepo za kuangusha miti, na vile vimbunga vyembamba vya kuzunguka viitwavyo tornado, ambavyo nchi hiyo hupata 1,200 hivi kwa mwaka. Katika tambarare hizo kilele chake ni Mei na Juni, na saa zake mbaya zaidi ni kati ya saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Ukiweka kalenda ya shule juu ya kalenda ya dhoruba, zinalingana karibu wiki kwa wiki. Ukiongeza saa za familia, mambo yanazidi kuharibika: watu wazima wawili na watoto watatu hawaondoki kambini alfajiri, huondoka saa nne baada ya chai, kuosha vyombo, kumwaga maji machafu na kutafuta kiatu kilichopotea. Ifikapo saa kumi alasiri wako katikati ya tambarare, nyuma ya ratiba, na mbele yao mbingu imegeuka rangi.

Historia ya Marekani ina ushahidi mchungu kuhusu uamuzi unaofanywa katika saa hiyo. Tarehe 10 Aprili 1979 tornado kubwa ilipiga mji wa Wichita Falls, Texas, na kuua zaidi ya watu 40. Zaidi ya nusu yao walikutwa na mauti ndani ya magari, na wachunguzi walipofuatilia walikuta kwamba baadhi ya waliokimbia kwa gari waliziacha nyumba ambazo hazikuguswa kabisa. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, ilishuka tornado pana kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, upana wake kilomita 4.2. Iliua watu 8, wote wakiwa ndani ya magari, miongoni mwao Tim Samaras, mtafiti aliyetumia miaka mingi kuzisoma tornado, pamoja na mwanawe na mwenzao. Jioni hiyo barabara zilizoizunguka Oklahoma City zilijaa magari ya watu waliokuwa wakikimbia, yamesongamana hayaendi mbele wala nyuma. Kuna wanaodhani kwamba ukibanwa ujifiche chini ya daraja la juu la barabara. Tarehe 3 Mei 1999, katika jimbo la Oklahoma, waliofanya hivyo katika madaraja matatu tofauti walipatwa na upepo uliobanwa chini ya daraja na kuongezewa kasi, na watu walikufa katika kila moja ya madaraja hayo.

Nimekawia kwenye habari za tornado kwa sababu ndizo zinazotisha, lakini maji ni adui mkimya zaidi na kwa msafiri wa gari-nyumba yanastahili hofu kubwa kuliko upepo. Maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 30 hulichukua gari dogo. Yakifika sentimita 60 huyachukua magari mengi, pamoja na makubwa. Dereva wa gari-nyumba amekaa juu, anatazama maji kwa chini na kuhisi ameyashinda. Anasahau kwamba nyuma yake amebeba sanduku kubwa lililojaa hewa, na sanduku la namna hiyo huelea mapema. Usiku wa tarehe 31 Julai 1976, katika korongo la mto Big Thompson huko Colorado, mvua ya karibu milimita 300 ilinyesha kwa saa chache. Ilikuwa Jumamosi ya sikukuu, kwani siku ya pili yake jimbo lilikuwa linatimiza miaka 100, na korongo lilikuwa limejaa watalii na wapiga kambi. Watu zaidi ya 140 walikufa, wengi wakijaribu kuteremka na magari yao kwa barabara iliyofuata mto. Walioacha magari na kupanda mlima kwa miguu hata mita chache walipona. Leo makorongo ya Colorado yana mabango yanayowaambia watu hivyo hivyo: mafuriko yakija, panda juu.

Karibu nusu karne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, sikukuu ya uhuru, mto Guadalupe katika kaunti ya Kerr, Texas, ulipanda karibu mita 8 kwa muda usiofika saa moja. Maafa ya mafuriko ya siku hizo yaliua zaidi ya watu 130 katika jimbo hilo, wakiwamo watoto waliokuwa kwenye kambi za likizo, na magari-nyumba yaliyoegeshwa kwenye viwanja vya ukingoni mwa mto yalizolewa pamoja na waliolala ndani. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa angalizo la mafuriko mchana wa tarehe 3. Onyo lenyewe la mafuriko ya ghafla lilifuata saa saba na dakika 14 usiku, watu wakiwa usingizini. Kulikuwa na maswali mengi na ya haki kuhusu ving'ora ambavyo havikuwapo na simu ambazo hazikuwaamsha watu, na siwalaumu marehemu hata kidogo. Ninachotaka tukione ni kwamba miongoni mwa makazi yote yaliyokuwa ukingoni, yapo yaliyokuwa na magurudumu na injini, na kati ya mchana na usiku wa manane kulikuwa na saa nyingi za kuyasogeza mlimani. Lakini nani huondoka kwenye nafasi ya kando ya mto aliyoiweka na kuilipia mapema, usiku wa sikukuu, kwa sababu ya angalizo tu?

Jibu la swali hilo halimo katika ujinga wa watu. Limo katika namna likizo zao zilivyofungwa. Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo yenye malipo, kwa hiyo siku alizonazo mzazi ni chache na zimehesabiwa. Gari la kukodi linalipiwa kwa siku na likichelewa kurudi kuna faini. Nafasi nyingi za kambi katika hifadhi za taifa huwekwa miezi sita kabla, na ukichelewa usiku mmoja umeipoteza. Kila saa ya kusubiri ina bei inayoonekana papo hapo, ilhali hatari ya kuendelea haionekani, na mara nyingi haitokei. Hapo ndipo mtego ulipo. Familia iliyopita katikati ya mvua ya mawe Jumanne ikatoka salama hujifunza kwamba inawezekana, na Alhamisi hupita tena kwa moyo mkunjufu zaidi. Somo waliloshika si kweli, lakini wamelipata kwa macho yao wenyewe, na hakuna mtaalamu atakayewatoa katika somo hilo wakati wingu liko mbele na hifadhi iko kilomita 300 kutoka walipo. Ndiyo maana nasema uamuzi wa kusimama lazima ufanywe wiki kadhaa kabla, mezani, kwa kalenda na kalamu.

Wapo watakaosema kwamba dhoruba haitabiriki, kwa hiyo mipango ni bure. Hilo lilikuwa na ukweli zamani. Leo kituo cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, hutoa ramani za maeneo yenye hatari hadi siku 8 mbele. Hazitakwambia wingu litaangukia kijiji gani, lakini zitakwambia kwamba Jumatano alasiri Kansas ya magharibi si mahali pa kupeleka gari la kimo kirefu. Ikifika siku yenyewe hutolewa angalizo, maana yake hali ya kuzaa dhoruba ipo katika eneo pana kwa saa kadhaa zijazo. Na mwisho hutolewa onyo, maana yake dhoruba imeshaonekana na inakuja. Anayesubiri onyo amechelewa. Kwa tornado, onyo hutangulia kwa wastani wa dakika kumi hivi, na kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa hizo ni kilomita 15. Katika tambarare za magharibi mwa Nebraska unaweza kuzimaliza bila kuona jengo la zege. Tena onyo hutaja kaunti, na msafiri mara nyingi hajui yuko kaunti gani. Simu itamsaidia panapo mtandao. Pasipo mtandao, redio ndogo ya hali ya hewa inayopokea masafa ya serikali, pamoja na ramani ya karatasi yenye mipaka ya kaunti, ni vitu vya bei ndogo vinavyostahili kuwa karibu na usukani kuliko kamera.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kusimama nako si salama. Ikiwa kuta ni faiba na mbao, familia iliyoegesha kambini imejilinda na nini? Ni kweli, na asipewe mtu matumaini ya uongo. Gari-nyumba lililosimama si kinga dhidi ya tornado, na wataalamu huwataka watu watoke humo waingie jengo imara. Hata kwa radi, kinachomlinda mtu garini ni mwili wa chuma unaoupitisha umeme nje yake, si matairi ya mpira, na mwili wa faiba hautoi kinga hiyo kwa uhakika. Lakini aliyesimama saa nane mchana amechagua mahali. Aliyesimamishwa na dhoruba saa kumi na moja jioni amechaguliwa mahali, na mara nyingi ni bega la barabara lisilo na chochote. Mwenye nafasi ataegesha mbali na miti na mbali na mto, pua ya gari ikielekea upepo, atakunja turubai la kivuli, atarudisha ndani vile vyumba vinavyosukumwa nje, kisha atauliza mapokezi swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kila kambini: mkisikia king'ora, watu hapa hukimbilia wapi? Kambi nyingi zina jengo la mabafu la matofali, na nyingine zina chumba maalumu cha kujikinga. Ajue njia ya kufika huko kwa miguu gizani akiwa na mtoto mkononi.

Kuhusu gharama, sitajaribu kuidharau. Siku ya ziada ya kukodi, usiku uliopotea hifadhini, pengine chumba cha hoteli ya kando ya barabara kwa sababu kuta zake ni imara: hizo ni fedha, na kwa familia iliyojikusanya mwaka mzima zinauma. Ila zinauma zaidi zinapokuja kama adhabu kuliko zinapokuwa zimeandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo, mstari mmoja na mafuta. Na hapa gari-nyumba lina sifa ambayo watu huisahau. Kati ya magari yote ya familia, hili ndilo baya zaidi kwa kuendesha ndani ya dhoruba, na ndilo bora zaidi kwa kuisubiri ipite mbali. Mwenye gari dogo akisimama amekosa kitanda, chakula na choo. Mwenye gari-nyumba amebeba vyote. Watoto watakula ugali au tambi zile zile, watalala vitanda vile vile, watacheza karata mezani. Kumnunulia mtu chombo cha kusubiria kisha kumwambia akimbizane na radi ni kupoteza fedha mara mbili.

Kwa hiyo mpango wa safari usianze na mahali pa kufika. Kutoka Chicago hadi Denver ni kama kilomita 1,600, na wengi huziweka katika siku mbili. Ukikubali kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na kuwa umeegesha ifikapo saa nane mchana, kwa mwendo wa wastani na mapumziko ya watoto utapata kilomita 450 hivi kwa siku, yaani siku nne. Mwenye siku tisa kwa jumla asiende Denver. Aende mahali pa nusu ya umbali huo na abaki na siku mbili zisizo na kazi yoyote. Manahodha wa majahazi waliovuka kutoka Sur, huko Oman, hadi Lamu na Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi hawakuahidi tarehe, waliahidi msimu, na biashara iliendelea kwa karne nyingi. Familia yenye watoto haihitaji kanuni kali kuliko ile.

Msomaji wa Tanga au Kisumu anaweza kuona haya ni ya Wamarekani. Lakini leo wazungumzaji wa Kiswahili wengi wanaishi Texas, Iowa, Ohio na Kentucky, wakiwamo maelfu waliotoka Kongo kama wakimbizi, na watoto wao wanazifahamu likizo za huko kama wenyeji. Na mtego wa ratiba hauhitaji gari-nyumba. Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Harusi ina saa yake, na kwaya ikichelewa watu watasema; mto ulikuwa ukionekana na kila mtu aliyesimama ukingoni.

Kwa atakayekodi gari-nyumba msimu ujao, kuna swali la kumuuliza mwenye gari kabla ya kusaini, na jibu alitoe kwa maandishi: nikichelewa kulirudisha kwa siku moja kwa sababu ya onyo la dhoruba, nitalipa kiasi gani? Kiasi atakachotaja kiingizwe kwenye bajeti siku hiyo hiyo, na kihesabiwe kuwa kimekwisha kutumika.